Alzheimer ya ukoo: jinsi ya kufuatilia kumbukumbu yako kabla dalili hazijajitokeza

Watu wengi wenye mzazi aliyeugua Alzheimer hujichunguza kwa kipimo kisichofaa. Huhesabu mara walizosahau funguo, jina la jirani, au kitu walichofuata chumbani. Hayo humpata kila mtu, na zaidi akiwa amechoka au ana mawazo mengi. Hayamtenganishi mwenye ugonjwa na asiye nao.

Badiliko la mapema lina sura nyingine. Mtu anajifunza jambo vizuri, baada ya nusu saa analikumbuka kama wenzake, kisha baada ya siku kadhaa limefutika kupita kiasi. Mwaka 2018 watafiti wa London walilionyesha hilo kwa watu waliorithi jeni ya Alzheimer ya mapema lakini walikuwa hawajaugua bado. Walipewa orodha ya maneno, hadithi na mchoro. Baada ya dakika 30 walikuwa sawa na watu wasio na jeni hiyo. Baada ya siku 7 walikuwa wamepoteza zaidi, na hapo kwa wastani ilikuwa imebaki kama miaka 7 kabla ya umri ambao dalili zao zilitarajiwa.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kufanya upimaji wa namna hiyo nyumbani, kwa Kiswahili, kuutunza kwa miaka, na kujua lini daftari lipelekwe kwa daktari. Hautakuambia kama unaumwa. Utakupa picha yako ya leo, ambayo daktari hawezi kuitengeneza baadaye hata akiwa na mashine zote za hospitali.

Kwanza, ni hatari ya aina gani?

Chora vizazi vitatu kwenye karatasi: wewe na ndugu zako, wazazi na ndugu zao, babu na bibi wa pande zote mbili. Kwa kila mtu andika mwaka wa kuzaliwa, umri aliofariki, na umri ambao kumbukumbu yake ilianza kuharibika.

Umri huo wa tatu ndio unaotafutwa, na ndio ambao familia hukosea. Watu hukumbuka mwaka mgonjwa alipopotea njia au alipoacha kuwatambua wanawe, wakati ugonjwa ulishaanza miaka kadhaa nyuma. Ukiuliza "alianza kusahau lini?" utajibiwa "ah, alipozeeka." Uliza kwa kazi na matukio: "Shangazi, mwaka ule wa harusi ya Asha, mama alikuwa bado anashika hesabu za duka? Mapishi ya shughuli alikuwa anayasimamia mwenyewe?" Andika pia nani alikuwa na presha, kisukari, kiharusi au ulevi, kwa kuwa baadhi ya waliosahau uzeeni huenda tatizo lao lilikuwa mishipa ya damu ya ubongo na si Alzheimer.

Ukimaliza, angalia mchoro. Kama ugonjwa umeonekana katika kila kizazi na wagonjwa walianza kabla ya miaka 65, hasa kwenye miaka ya 30, 40 au 50, familia hiyo inahitaji mtaalamu wa jeni. Kuna jeni tatu zinazojulikana kusababisha ugonjwa zenyewe: PSEN1 kwenye kromosomu ya 14, PSEN2 kwenye ya 1, na APP kwenye ya 21. Mzazi mwenye kasoro hiyo humpa kila mtoto nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Familia hizi ni chache sana, lakini ndizo zilizotufundisha mengi kuhusu mpangilio wa ugonjwa. Katika ukoo mkubwa wa Antioquia nchini Kolombia, uliofuatiliwa kwa miongo na daktari Francisco Lopera, wenye kasoro ya PSEN1 huanza kuwa na upungufu mdogo wa kumbukumbu wakiwa na miaka kama 44 na dimensia (kupungua kwa akili hadi mtu ashindwe kujitegemea) wakiwa na 49. Hata hivyo, alama zao za orodha ya maneno zilianza kuteleza wakiwa na kama 32.

Utafiti wa kimataifa wa familia za aina hiyo, uliochapishwa mwaka 2012, ulipanga ratiba hivi. Amiloidi, protini inayojikusanya kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, huanza kubadilika kwenye maji ya uti wa mgongo kama miaka 25 kabla ya dalili. Kumbukumbu ya matukio hushuka kama miaka 10 kabla. Kipimo cha kawaida cha akili cha alama 30, ambacho madaktari wengi hukitumia, hubadilika kama miaka 5 tu kabla. Kwa hiyo mtu wa familia hiyo anaweza kupata alama nzuri kliniki huku kumbukumbu yake ikiwa imeshaanza safari. Ukitaka kukadiria ulipo, toa umri wako kwenye umri ambao mzazi wako alianza kuugua. Mama alianza akiwa na 48, wewe una 35: imebaki miaka 13, na huu ndio wakati mzuri wa kuweka msingi, yaani vipimo vya kwanza vya kulinganishia baadaye.

Kama mgonjwa alikuwa mmoja au wawili, nao walianza wakiwa na miaka 75 au 82, hatari yenu ni ya aina nyingine. Jeni inayohusika zaidi hapo ni APOE, yenye sura tatu: e2, e3 na e4. Kila mtu ana nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. E4 huongeza uwezekano wa kuugua, ila haimhukumu mtu. Wapo wenye e4 mbili wanaofika uzeeni na akili zao timamu, na wapo wagonjwa wasio na e4 hata moja.

Msomaji wa Kiafrika asimame hapa kidogo. Takwimu unazokutana nazo kila mahali, kwamba e4 moja huzidisha hatari mara 2 au 3 na mbili mara 8 hadi 12, zimetoka hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya. E4 ni ya kawaida sana Afrika, lakini nguvu yake inaonekana kuwa ndogo zaidi. Kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, waliofuatiliwa kwa miaka mingi, e4 moja haikuonekana kuongeza hatari kwa kiasi cha kuhesabika, ingawa mbili ziliongeza. Kuichukua namba ya Mzungu na kujibandika nayo ni kujitisha kwa hesabu ya mtu mwingine.

Hata hivyo kufuatilia kuna maana kwa kundi hili pia. Utafiti wa Arizona wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa kwa wenye e4 wasio na dalili yoyote, kumbukumbu huanza kushuka kwa kasi kabla ya miaka 60, mapema kuliko kwa wasio nayo.

Kutengeneza orodha

Unahitaji mtu mmoja wa kusimamia (mume, mke, ndugu au rafiki mtulivu), daftari lisilotumika kwa kazi nyingine, na simu ya kurekodi sauti. Msimamizi ndiye anayetunga maneno na kuyaficha. Wewe unayepimwa usiyaone kabla, na kwa sababu hiyohiyo orodha na hadithi zilizo hapa chini msizitumie: umeshazisoma. Ni vielelezo vya kumwonyesha msimamizi kinachotakiwa.

Orodha ina maneno 12, kila moja kutoka kundi lake:

punda (mnyama), fenesi (tunda), kinu (chombo cha jikoni), soksi (vazi), filimbi (ala ya muziki), msumeno (kifaa cha fundi), siafu (mdudu), mtumbwi (chombo cha usafiri), kiwiko (kiungo cha mwili), hakimu (kazi), radi (hali ya hewa), shaba (madini).

Tunda ni fenesi na si embe kwa makusudi. Baadaye msimamizi atatoa kidokezo, "kulikuwa na tunda," na mtu aliyesahau kabisa akibahatisha atasema embe au chungwa. Ukiweka neno ambalo kila mtu hulitaja kwanza, bahati itahesabiwa kuwa kumbukumbu. Ng'ombe, kijiko, ngoma na dhahabu ziachwe kwa sababu hiyo. Yaachwe pia maneno yenye maana mbili, kama mto, paa na kanga, na maneno mawili yanayofanana sauti katika orodha moja. Chagua vitu vinavyoonekana na kushikika. "Haki" na "subira" hukumbukwa kwa namna tofauti na "kinu," na orodha iliyojaa mawazo matupu itakuwa ngumu kuliko iliyopita bila wewe kujua.

Pamoja na orodha, msimamizi atunge hadithi fupi yenye vipande 15. Kwa mfano: Jumanne jioni / Bi Rehema / muuza samaki / wa Mtwara / alipanda basi / kwenda Lindi / kumwona dada yake / aliyejifungua / mapacha. / Njiani / gurudumu lilipasuka / karibu na daraja, / na mvulana mmoja / akamwazima mwavuli / wa kijani. Kila kipande kilichokumbukwa ni alama moja. "Muuza samaki" akikumbukwa kama "mchuuzi wa samaki" apewe alama. Akiwa "muuza matunda," hapana. Uamuzi wa namna hiyo uandikwe pembeni ili ufuatwe kila mara.

Tungeni seti nne kwa mkupuo mmoja, kila moja kwenye bahasha yake. Mkipima kila baada ya miezi sita, hizo ni za miaka miwili. Seti zinazotungwa siku moja na mtu mmoja hukaribiana ugumu. Zinazotungwa kwa haraka asubuhi ya kipimo hazikaribiani.

Siku ya kupima na siku ya saba

1. Chagueni chumba kisicho na televisheni wala redio, asubuhi, baada ya usingizi wa kawaida na chai. Anayetumia miwani au kifaa cha kusikia avae.

2. Msimamizi asome maneno 12 kwa sauti ileile, neno moja kila sekunde mbili. Baada ya la mwisho unataja yote unayoyakumbuka kwa mpangilio wowote, muda usizidi dakika mbili. Usisahihishwe.

3. Asome tena orodha yote, utaje tena. Kisha mara ya tatu. Andikeni alama za kila raundi. Mtu anayejifunza hupanda, tuseme 6, 8, 10. Mstari usiopanda, 5, 6, 5, ni habari yenyewe, kwa sababu kutofaidika na kurudiwa ni moja ya mabadiliko yanayoonekana mapema.

4. Asome hadithi mara mbili, uisimulie mara moja.

5. Pumzikeni dakika 30 bila maneno mengi: kunja nguo, osha vyombo, mwagilia maua. Msisome, msizungumze habari, msiangalie simu.

6. Taja tena maneno, kisha simulia hadithi. Ukikwama, msimamizi atoe vidokezo kwa maneno yaliyokosekana tu: "kulikuwa na mdudu." Yaliyokuja yenyewe yaandikwe safu moja, yaliyokuja kwa kidokezo safu nyingine.

7. Baada ya siku 7, saa ileile, rudieni hatua ya 6 bila kusoma orodha upya.

Utajua kuwa siku ya saba inakuja. Hilo haliepukiki kwa anayejifuatilia. Sharti ni moja: usiyarudie maneno kichwani wala kuyaandika popote. Likikujia neno ukiwa njiani, liache lipite. Anayejisomea kwa siri ili apate alama nzuri anaharibu kipimo ambacho kingemsaidia yeye mwenyewe.

Makosa ya msimamizi ndiyo yanayoharibu zaidi. Wengi hutikisa kichwa neno linapokuwa sahihi, au huvuta mwanzo wa neno, "fe… fe…," kwa huruma. Sauti iliyorekodiwa hufichua hayo, basi isikilizeni mara moja baada ya kipimo cha kwanza na mrekebishe. Lugha nayo ibaki ileile. Mtu aliyekulia Kichaga au Kijita na kufanya kazi kwa Kiswahili achague moja na asiibadilishe mwaka unaofuata.

Ahirisheni kama kuna homa, msiba, safari ndefu au usiku mbaya. Anayefunga Ramadhani asubiri mwezi uishe. Msipime mara nyingi kuliko kila miezi sita, kwa maana mazoea ya zoezi lenyewe hupandisha alama na kuficha mteremko.

Kuna jambo jingine lililothibitishwa, nalo ni zito. Mwaka 2014 utafiti wa Marekani ulilinganisha wazee wenye e4 wanaojua kuwa wanayo na wenye e4 wasiojua. Wanaojua walijiona wana kumbukumbu mbaya zaidi, na kwenye kipimo cha kukumbuka hadithi walifanya vibaya zaidi. Kujua peke yake kunaweza kushusha alama. Kwa hiyo anayetaka kupima jeni aweke kwanza msingi wa kumbukumbu, yaani vipimo viwili vya miezi sita, kabla ya kupokea majibu ya jeni.

Kuisoma namba

Gawa maneno ya siku ya 7 kwa maneno ya dakika 30, yote yawe yale yaliyokuja bila kidokezo, kisha zidisha kwa 100. Mfano: baada ya nusu saa 10, baada ya wiki 7, umebakiza asilimia 70. Fanya vivyo hivyo kwa hadithi.

Usiilinganishe na ya mkeo, ya rafiki wala ya mtu uliyemsoma mtandaoni. Orodha mliyotunga wenyewe haina jedwali la kitaifa. Linganisha na yako ya nyuma tu. Neno moja kati ya 10 ni asilimia 10 nzima, basi kutoka 70 kwenda 60 si kitu. Ushauri wetu: sitisha shughuli na utafute daktari pale ulichobakiza baada ya wiki kinaposhuka kwa kama theluthi kutoka kwenye msingi wako, na kubaki chini kwa vipimo viwili mfululizo. Mtu aliyekuwa na 70 akapata 40, kisha 45 miezi sita baadaye, ana sababu ya kwenda. Aliyepata 40 mara moja kisha 68, alikuwa na wiki mbaya.

Safu ya vidokezo isomwe kwa makini, maana ina mengi kuliko jumla. Mtu mwenye msongo, sonona au usingizi mbovu hupata shida ya kulitoa neno ambalo limo. Kidokezo hulivuta likaja. Katika Alzheimer sehemu inayoumia mapema ni hipokampasi, inayohifadhi mambo mapya, na neno ambalo halikuhifadhiwa halivutwi na kidokezo chochote. Hii ndiyo kanuni ya kipimo cha daktari Herman Buschke wa New York, ambacho kliniki za kumbukumbu hukitumia hadi leo. Haiko sahihi kwa asilimia mia, lakini daktari akiona daftari lako linaonyesha vidokezo vilikusaidia mwaka jana na mwaka huu havisaidii, atakusikiliza.

Andikeni pia maneno ya uongo: mtu anayesema "mbuzi" mahali pa punda, au anayeleta neno la seti ya miezi sita iliyopita. Moja hutokea. Yakiongezeka kutoka kipimo hadi kipimo, yapigieni mstari.

Jicho la pili

Namba zisisimame peke yake. Mtu anayekujua kwa miaka ajibu, bila wewe kuwepo, kama kumekuwa na badiliko katika miaka michache iliyopita. Dodoso la AD8, lililotengenezwa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, lina maswali 8 ya namna hii: uamuzi wa pesa na mambo mengine, kupoteza hamu ya shughuli alizozipenda, kurudia maswali na hadithi, shida ya kujifunza chombo kipya, kusahau mwezi au mwaka, shida ya hesabu za fedha, kusahau miadi, na shida ya kila siku ya kumbukumbu au kufikiri. "Ndiyo, amebadilika" mbili au zaidi ni sababu ya kuonana na daktari.

Kinachoulizwa ni badiliko. Aliyekuwa hajui kupika tangu ujana na leo hajui hana alama. Tafuteni katika maisha yenu halisi: kutuma pesa ileile mara mbili kwa simu, mweka hazina wa kikundi ambaye vitabu vyake vilikuwa safi na sasa havilingani, mpishi wa pilau aliyeanza kuruka hatua, dereva anayesita kwenye njia ya miaka yote. Kukosea hesabu ya rakaa si dalili kwa peke yake. Sijida ya kusahau imewekwa kwa sababu watu wote husahau. Kukosea kila siku kwa mtu ambaye hakuwa hivyo, hilo liandikwe.

Kama anayehofiwa ni mzazi, usimpime kwa hila mbele ya wajukuu au wakwe. Mzee akigundua kuwa mwanawe anamtega, mlango umefungwa. Mwombe faraghani, "Mama, naomba unisaidie zoezi hili la maneno, nami nitalifanya," na ufanye kweli. Akikataa kupimwa na mtoto wake, mtu wa rika lake au nesi anayemheshimu anaweza kufaa zaidi. Kwa mzee ambaye hakusoma shule, orodha hii haitoshi. Kipo kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa kupitia utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambacho hakihitaji kusoma wala kuandika na hata hutumia njiti za kiberiti. Hicho hutafuta dimensia iliyokwishafika, si badiliko la mapema.

Kwa ndugu aliyezaliwa na sindromu ya Down hali ni tofauti kabisa. Ana kromosomu ya 21 tatu, na kwa hiyo nakala ya tatu ya jeni ya APP. Yuko kwenye hatari kubwa kuanzia miaka ya 40. Kwake fuatilieni shughuli anazoziweza, mwaka kwa mwaka, badala ya maneno.

Kabla ya kuilaumu jeni

Kushuka kwa alama kuna sababu nyingi zinazotibika, na mtu mwenye hofu ya ukoo ndiye anayezikosa, kwa kuwa ameshajipa jibu. Anza na mfuko wa dawa. Amitriptyline ya maumivu au usingizi, Piriton inayomezwa kila usiku kwa mafua, diazepam, Artane, na baadhi ya dawa za kibofu hupunguza uwezo wa ubongo kuhifadhi. Metformin ikitumika miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12. Usiache dawa ghafla, hasa diazepam. Peleka mfuko wote kwa daktari au mfamasia.

Kisha yaangalie mengine: pombe, kukoroma na kukatika pumzi usingizini, sonona, kukoma hedhi, masikio. Anayesikia nusu huhifadhi nusu. Aliyejigonga kichwa wiki chache zilizopita na sasa anasahau na kuumwa kichwa aende hospitali leo, maana damu huweza kuvilia juu ya ubongo polepole.

Kwa daktari, omba haya yaangaliwe: presha, sukari, wingi wa damu, figo na chumvi za damu, ini, kalsiamu, tezi ya thairoidi, vitamini B12, VVU na kaswende. Nyingi kati ya hizo hupimwa kwa sampuli za damu za ziara moja. Picha ya MRI ya ubongo, au CT pasipo na MRI, hutafuta kiharusi, uvimbe na kusinyaa kwa hipokampasi. Nenda na ukurasa mmoja wenye mchoro wa ukoo, jedwali la alama zako, majibu ya mtu wa pili na orodha ya dawa. Ukiambiwa "28 kati ya 30, nenda nyumbani," omba kwa heshima upimwe unavyokumbuka baada ya muda kupita, pamoja na vidokezo, ueleze kuwa shaka yako ni ya siku saba na si ya dakika tano.

Na presha itibiwe hata kama alama ni nzuri. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2019 lilionyesha kuwa kushusha namba ya juu ya presha chini ya 120, badala ya 140, kulipunguza idadi ya waliopata upungufu mdogo wa kumbukumbu. Lengo lako mwenyewe mpange na daktari, kwa sababu kwa wengine kushusha sana huleta kizunguzungu na kuanguka.

Ukiamua kupima jeni

Vipimo vya mate vinavyouzwa kwa posta Ulaya na Marekani huangalia e4. Haviangalii PSEN1, PSEN2 wala APP kwa namna ya kutegemewa. Familia ambayo watu wake waliugua wakiwa na miaka 45 ikipata jibu la "huna e4," haijaambiwa lolote kuhusu tatizo lake. Hiyo inahitaji maabara ya hospitali na mshauri wa jeni, na inafaa kuanza na mgonjwa mwenyewe kama yuko hai, ili ijulikane ni kasoro gani inayotafutwa.

Aliyepakua data ghafi ya kipimo cha mate huona alama mbili za APOE, rs429358 na rs7412. Kwa kila nakala ya jeni, na kwa mpangilio huo wa alama, C na C ni e4, T na C ni e3, T na T ni e2. Data hiyo hukosea mara nyingine. Usiifanyie uamuzi kabla haijarudiwa kwenye maabara ya kitabibu.

Walioko Marekani wajue kuwa sheria ya mwaka 2008 inazuia bima ya afya na mwajiri kukubagua kwa jeni, lakini haigusi bima ya maisha, ya ulemavu wala ya utunzaji wa muda mrefu. Anayezitaka bima hizo azikate kabla ya kupima.

Jibu lina kazi moja ya moja kwa moja kwa aliyeanza kuugua. Dawa za kuondoa amiloidi, lecanemab iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023 na donanemab mwaka 2024, huweza kuvimbisha ubongo au kuvujisha damu ndani yake, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wenye e4 mbili. Ndiyo maana APOE hupimwa kabla ya kuanza dawa hizo. Kwa asiye na dalili, dawa hizo hazijaidhinishwa.

Mtoto chini ya miaka 18 asipimwe jeni hizi. Kaka au dada asiyetaka kujua aachwe asijue, na hilo lina ugumu wake kwa mapacha wanaofanana, kwani jibu la mmoja ni jibu la mwenzake: hao wakae na mshauri pamoja kabla ya yeyote kutoa mate.